Portal na Portal 2: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa anayetaka kuanza Portal au Portal 2, na wa aliyekwisha kuanza akakwama. Nimejitahidi nisifichue mwisho wa hadithi. Palipo na jambo ambalo afadhali ulione mwenyewe, nimesema hivyo na kupita.

Portal ni gemu ya aina gani?

Ni gemu ya mafumbo inayochezwa kwa jicho la mhusika, kama zile za kupigana kwa bunduki, ila bunduki yako haiui mtu. Inatoboa matundu ukutani. Wewe ni Chell, mwanamke asiyetamka neno hata moja tangu mwanzo mpaka mwisho, umeamka ndani ya kituo cha utafiti kiitwacho Aperture Science. Kompyuta inayoendesha kituo hicho, GLaDOS, inakupitisha chumba baada ya chumba na kukuita mshiriki wa majaribio. Inaongea kwa upole na adabu nyingi, na inataka ufe.

Gemu ya kwanza ilitoka tarehe 10 Oktoba 2007 ndani ya mkusanyiko wa The Orange Box, kutoka kampuni ya Valve ya Bellevue, jimbo la Washington, Marekani. Portal 2 ilifuata Aprili 2011. Chimbuko la gemu ya kwanza ni kazi ya wanafunzi wa chuo cha DigiPen iliyoitwa Narbacular Drop, ya mwaka 2005. Valve waliiona, wakawaajiri wanafunzi wale, Kim Swift akiwa mmoja wao, wazo lao likakuzwa hadi kuwa Portal.

Hiyo bunduki inafanyaje kazi?

Kitufe cha kushoto cha mausi kinatoboa tundu la bluu, cha kulia kinatoboa tundu la rangi ya machungwa. Ukiingia kwenye moja unatokea kwenye jingine, hata kama liko upande wa pili wa jumba. Vitu navyo hupita: makasha, miali ya leza, hata risasi za adui.

Matundu yanashika kwenye kuta nyeupe au za kijivu hafifu. Chuma cheusi hakishiki, kioo hakishiki. Mara nyingi mlangoni utakuta pazia la mwanga unaomemeteka. Ukipita hapo matundu yako yote yanafutika, na kasha ulilobeba linayeyuka. Si hitilafu. Ni njia ya gemu kukwambia kwamba chumba hiki kimeisha, usibebe kitu kwenda mbele.

Kwenye gemu ya kwanza unapewa bunduki chumba namba 02, na kwa muda mrefu inatoboa tundu la bluu peke yake. La machungwa hulipati mpaka chumba namba 11. Wengine hudhani gemu yao ina kasoro. Haina, endelea tu.

Kuna sehemu natakiwa kuvuka shimo refu na sifiki. Nifanyeje?

Hapa ndipo utamu wa gemu hii ulipo, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Tundu halipunguzi kasi yako. Ukiingia kwa kasi fulani unatoka na kasi ileile, kinachobadilika ni uelekeo tu. Kwa hiyo anguko linaweza kugeuzwa kuwa mruko. Tundu moja likiwa sakafuni chini kabisa, la pili likiwa ukutani juu, ukijitupa kutoka mahali parefu unaingia sakafuni ukiwa umeshashika kasi, kisha ukuta unakutema mbele na kukuvusha shimo lote. Usiogope kuanguka: Chell amevaa miguuni vifaa vya kuzuia kishindo, urefu wa anguko haumdhuru hata kidogo. Kinachoua ni maji machafu yaliyo chini ya baadhi ya vyumba.

Somo hili linafundishwa chumba namba 10 cha gemu ya kwanza. Tazama kilivyopangwa. Bado una bluu tu, na tundu la machungwa limeshawekwa juu ukutani na chumba chenyewe. Chini kuna shimo lenye sakafu nyeupe. Hakuna kingine cha kufanya zaidi ya kupiga bluu shimoni na kujitupa. Ukishafanya mara moja mwili unaelewa, kisha sehemu inayofuata inakutaka uanguke kutoka juu zaidi ili ufike mbali zaidi. Hakuna aliyekuhutubia kuhusu fizikia, na tayari unaijua.

Baadaye utahitaji kurushwa mara mbili mfululizo: unatemwa ukutani, ungali hewani unatazama chini, unapiga tundu jipya pale utakapoangukia, unaingia tena na kasi mpya. Ukihisi vidole vinachanganyikiwa, rudi kwenye chumba kilichotangulia ukizoee kwanza.

Nianze na ya kwanza au ya pili?

Ya kwanza. Anayeicheza mara ya kwanza huimaliza kwa saa tatu au nne, na vichekesho vingi vya Portal 2 vinasimama juu ya uhasama uliozaliwa humo. Portal 2 ina sura tisa na huchukua kama saa nane hadi kumi.

Tofauti nyingine: ya kwanza ni safi na ya upweke, wewe na sauti moja ndani ya vyumba vyeupe. Ya pili ni pana, ina wahusika zaidi, ina jumba lililooza na majani yanayoota kwenye nyufa. Mimi naiona ya kwanza kuwa imekamilika zaidi, ila aliyecheka sana atakuwa yule aliyefika Portal 2.

Laptopu yangu ni ya zamani. Itaweza?

Inawezekana sana. Portal 2 ilitengenezwa kwa kompyuta za 2011 na chini ya hapo: prosesa ya viini viwili yenye GHz 2, RAM ya GB 2, nafasi ya GB 8 kwenye diski. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue zinavuka kiwango hicho bila kadi ya grafiki ya pekee. Ikikwama kwama, shusha ubora wa vivuli kwanza, kisha ukubwa wa picha.

Watumiaji wa Mac wawe makini: toleo la Mac ni la biti 32, na Apple waliacha kuruhusu programu za aina hiyo tangu macOS Catalina ya 2019. Kwenye Linux na Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya Valve, inachezeka vizuri. Gemu zote mbili zipo pia kwenye Nintendo Switch tangu Juni 2022, zikiuzwa pamoja kama Portal: Companion Collection. Simu ya kawaida ya Android haina toleo lake, hivyo ukiona faili la APK lenye jina hilo usiliguse.

Na jihadhari na Portal with RTX, toleo la gemu ya kwanza lililoboreshwa picha, iliyotoka Desemba 2022. Ni ya bure kwa mwenye gemu ya kwanza, lakini inahitaji kadi ya grafiki kali mno. Haiwafai wenye mashine za kawaida.

Inagharimu kiasi gani, na bando je?

Bei ya kawaida kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni la Valve, ni dola 9.99 kwa kila moja, lakini usinunue kwa bei hiyo kama huna haraka. Kwenye mauzo makubwa ya msimu hushuka hadi dola moja au mbili. Mkenya anaweza kulipa kwa kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, na Tanzania nako kampuni za simu hutoa kadi za namna hiyo.

Kuhusu bando: pakua usiku au mahali penye Wi-Fi, halafu washa Steam katika hali ya nje ya mtandao. Hadithi ya mchezaji mmoja haihitaji intaneti hata chembe. Kama rafiki yako anayo na wewe umeshainunua, Steam tangu 2023 inaweza kuhamisha mafaili kutoka kompyuta yake kwenda yako kupitia mtandao wa ndani wa nyumba, bila kugusa bando.

Kiingereza changu si kizuri. Nitaelewa vichekesho?

Mafumbo utayafumbua bila neno hata moja, maana chumba chenyewe kinaongea kwa alama na taa. Vichekesho ndivyo vinavyodai lugha. Kiswahili hakimo. Washa manukuu kwenye sehemu ya sauti ya menyu, na usikimbie: wahusika wengi husema maneno ya ziada ukisimama tu na kuwasikiliza. Ucheshi wenyewe si wa maneno magumu. GLaDOS huzungumza Kiingereza cha ofisini, kile cha matangazo na barua za kiutumishi, na kicheko kinatokana na maneno hayo matulivu kutumika kueleza mambo ya kutisha. Aliyewahi kusomewa taratibu za taasisi yoyote atamtambua mara moja.

Nimekwama chumba kimoja muda mrefu. Nitazame jibu YouTube?

Usitazame bado. Mengine yote kwenye ukurasa huu unaweza kuyasahau, hili lishike: GLaDOS anadanganya, chumba hakidanganyi. Katika chumba namba 09 anakutangazia kwamba jaribio hilo haliwezekani, ni bora ukate tamaa. Linawezekana, na kila kinachohitajika kiko mbele ya macho yako. Ni kama bao: kete zote ziko wazi, hakuna iliyofichwa mfukoni mwa mtu, kazi ni kusoma.

Basi soma hivi. Anzia mlango wa kutokea. Kutoka hapo fuata mstari wa vitaa sakafuni na ukutani. Vikiwa vya bluu, kitu kinachoufungua hakijawashwa. Vikigeuka rangi ya machungwa na kuonyesha alama ya vema, kimewashwa. Mstari utakufikisha kwenye swichi, mara nyingi kitufe kikubwa chekundu cha sakafuni. Kitufe kinataka uzito. Uzito ni kasha. Kasha liko wapi? Na mahali hapo panafikika kutoka ukuta gani mweupe? Ukirudi nyuma hatua kwa hatua namna hii, mara nyingi fumbo hujifumbua lenyewe kabla hujasogea.

Halafu hesabu vyote vilivyomo chumbani. Watengenezaji hawaweki vitu vya pambo. Kama kuna daraja la mwanga ambalo hujalitumia, jibu liko kwenye daraja hilo. Kama kuna kipande kimoja cha ukuta mweupe katikati ya chuma cheusi tupu, kimewekwa hapo kwa ajili yako. Inama, tazama juu darini, watu husahau sana dari. Bonyeza F6 kuhifadhi ulipofika na F9 kurudi hapo, ili ujaribu mambo ya ajabu bila hofu.

Kama bado, zima. Kalale. Vyumba vingi vya Portal hufunguka asubuhi, na kile kishindo cha kuelewa ghafla ndicho ulicholipia. Video ya mtu mwingine itakufikisha chumba kinachofuata ukiwa hujajifunza kilichokusudiwa, na chumba hicho kitakudai.

Zile roboti nyeupe zenye jicho jekundu nazipigaje?

Huzipigi risasi, unaziangusha. Zina miguu mitatu myembamba, na zikianguka hufyatua ovyo kidogo kisha huzimika. Pita nyuma yake uinyanyue na kuitupa. Au toboa tundu chini yake. Au toboa tundu darini juu yake udondoshe kasha. Ukiwa huna kitu, beba kasha mbele ya kifua liwe ngao.

Utaona zinakuita kwa sauti nyororo ya kitoto, na zikifa hazikulaumu. Wachezaji wengi huziona za kusikitisha kuliko adui yeyote. Sauti hiyo ni ya Ellen McLain, mwimbaji aliyesomea opera, ambaye ndiye pia sauti ya GLaDOS. Fika mwisho wa Portal 2 usikie roboti hizo zinafanya nini. Sisemi zaidi.

Kwa nini kasha la chumba namba 17 lina moyo?

Ni swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake limo ndani ya gemu, katika maelezo ya watengenezaji unayoweza kuyawasha kwenye menyu. Chumba hicho ni kirefu na kinahitaji kasha moja tangu mwanzo hadi mwisho. Valve walipowaketisha watu kukijaribu, watu waliliacha kasha nyuma na kukwama. Badala ya kuweka maandishi ya kukumbusha, walilichora moyo wa waridi, GLaDOS akaanza kulizungumzia kama rafiki. Mwandishi Erik Wolpaw alikuwa amesoma nyaraka za serikali kuhusu kuhoji wafungwa, zilizoeleza kwamba mtu aliyetengwa huanza kukipenda hata kitu kisicho na uhai. Mwishoni mwa chumba unaagizwa ulitumbukize kwenye tanuri.

Angalia kilichotokea hapo: tatizo la ufundi limetatuliwa kwa utani, na utani ule ule ukawa uchungu. Ndiyo maana siwezi kukubali wanaosema hii ni gemu ya mafumbo iliyopakwa vichekesho juu. Vimefumwa pamoja.

Na hiyo keki?

GLaDOS anakuahidi keki ukimaliza majaribio. Kwenye vyumba kadhaa kuna bamba la ukuta lililolegea, na nyuma yake utakuta maficho: makopo, michoro ya ukutani, maandishi ya mtu aliyekutangulia akionya kuhusu keki hiyo. Yatafute.

Jeli za Portal 2 zinatumikaje?

Jeli ni utelezi wa rangi unaopakwa sakafuni na ukutani. Ya bluu inadundisha, ya machungwa inateleza na kukupa mbio, nyeupe inageuza sehemu yoyote kuwa ukuta unaoshika tundu. Jeli hupita kwenye matundu, kwa hiyo unaweza kuimwaga upande wa pili wa jumba. Wazo la rangi hizo nalo lilianzia kwa wanafunzi wa DigiPen.

Jeli nyeupe ndiyo hatari kwa mvivu, kwani inakupa uhuru mwingi. Usipake chumba kizima. Jiulize kwanza ni ukuta gani mmoja unaouhitaji, upake huo.

Sehemu ya gemu unapokutana na jeli kwanza iko chini kabisa ya ardhi, katika maabara za zamani za kampuni, na utasikia rekodi za mwanzilishi wake, Cave Johnson, kwa sauti ya J.K. Simmons. Msikilize kwa makini anapoeleza jeli nyeupe imetengenezwa kwa nini. Hapo kuna kitu utakihitaji.

Je, sayansi yake ina ukweli wowote?

Kiasi. Matundu yenyewe ni ya kubuni, na yanavunja kanuni: weka moja sakafuni na jingine darini juu yake, utaanguka milele, ukijipatia nishati isiyotoka popote. Lakini ndani ya kanuni zake gemu ni mwaminifu kabisa, na ndiyo maana unaweza kuifikiria kwa akili badala ya kubahatisha.

Mambo mengine ni ya kweli. Katikati ya Portal 2 kuna kompyuta inayoendeshwa kwa kiazi, na kiazi kilichochomekwa shaba na zinki kweli hutoa takriban volti moja. Vumbi la mwezini, ambalo Cave Johnson analilalamikia, kweli lina chembe kali: Harrison Schmitt wa Apollo 17, mwaka 1972, alipata mafua kama ya mzio baada ya kulivuta.

Nikicheza napata kizunguzungu.

Si wewe peke yako, kwa sababu matundu hukupindua juu chini ghafla. Kaa mbali zaidi na skrini, washa taa ya chumba, pumzika mara tu unapohisi joto usoni badala ya kujikaza. Kabla ya kurushwa, amua macho yatatua wapi.

Mtoto wangu anaweza kucheza?

Ulaya zote mbili zimepewa umri wa miaka 12. Marekani, Portal 2 imepewa miaka 10 na kuendelea, ya kwanza ni ya vijana kwa sababu ya alama za damu ukutani unapopigwa risasi. Hakuna matusi mazito wala uchi. Kaeni pamoja: mtoto ashike mausi, mzazi afuate vitaa vya ukutani. Watoto huona dari haraka kuliko sisi.

Tunaweza kucheza wawili?

Kwenye Portal 2, ndiyo, na msikose. Ni hadithi nyingine kabisa, ya roboti wawili, Atlas na P-body, kila mmoja na matundu yake mawili, kwa hiyo chumba kinakuwa na matundu manne. Mnaweza kucheza mtandaoni au kugawana skrini moja. Kwenye kompyuta, mmoja atumie padi. Kama mtandao unasuasua, skrini moja ni bora. Kuna kitufe cha kumwonyeshea mwenzako mahali pa kupiga tundu. Kitumieni badala ya kupigiana kelele.

Sharti moja: chezeni nyote mkiwa wapya. Mmoja akiwa ameshaimaliza, mwenzake anageuka abiria. Kama ndivyo ilivyo, basi aliyetangulia afunge mdomo na afuate maagizo tu.

Nimemaliza zote. Sasa?

Portal 3 haipo. Tangu Mei 2012 Portal 2 ina kihariri cha kutengenezea vyumba vyako, na wachezaji wamepakia vyumba vingi mno vya bure. Panga kwa kura, anza na vya juu.

Wenye Portal 2 wanapata pia bure kazi za mashabiki zilizokamilika kama gemu kamili. Portal Stories: Mel ya 2015 ni ngumu kweli kweli, isijaribiwe na asiyezoea kurushwa mara mbili. Portal Reloaded ya 2021 inaongeza tundu la tatu, linalokupeleka chumba kilekile miaka 20 mbele. Kasha la leo ukiliacha mahali, utalikuta huko pia, na ukilisogeza leo la mbele linasogea nalo. Ya Valve wenyewe, Aperture Desk Job ya 2022, ni fupi na haina mafumbo, ila inatoa kicheko cha nusu saa na haidai uwe umenunua chochote. Ichezeni kwa padi.